Asubuhi Niliyofuta Python, Mzee Salumu Akafariki

Hili nikilisimulia natazama chini, maana kijiji chetu kizima cha Zinga kinalijua, na wapo ambao hadi leo wananiitikia salamu kwa nusu mdomo.

Msikitini kwetu nilitengeneza mfumo wa kutangaza misiba: mtu akifariki naandika mara moja, na waumini wote pamoja na jamaa walioko mbali wanapata ujumbe kwenye simu. Ulipendwa mno, watu wakaacha hata kupigiana (na mimi kichwa kikavimba, nikaitwa injinia, nikaitika). Uliandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ukakaa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya madrasa bila kumsumbua mtu. Asubuhi ile, kiherehere tu, nikaona Python imezeeka, niweke mpya. Na badala ya kuiweka pembeni ya ile ya zamani kama watu wenye akili zao, nikaanza kwa kufuta ya zamani, ikaondoka na kila kilichoitegemea, mpaka mtandao ukakatika.

Nimekaa naikodolea macho, shekhe akaingia. Nikamwamkia, akaitikia, akasema Mzee Salumu ametutoka, tunamzika baada ya adhuhuri.

"Tuma ujumbe, mwanangu. Mwanawe Hamisi yuko Chalinze, awahi kumzika baba yake."

Nikauandika, nikauacha foleni ili mfumo ukiamka uutume wenyewe. Shekhe akachungulia tena mlangoni kuuliza kama umekwenda.

"Tayari, shekhe."

(Tayari ya wapi? Nilidhani ni jambo la dakika chache.)

Nikaunganisha mtandao wa simu yangu, nikaweka Python mpya, ikakubali. Kumbe kuna moduli, vile vipande vya ziada ambavyo bila hivyo mfumo hauendi, na ile ya kutuma ujumbe ikadai nyingine, hiyo nyingine nayo ikadai yake, moja ikagoma katakata na Python mpya, nikawa natafuta toleo linalopatana nayo huku mtandao unasuasua na jasho linanitiririka. Mwanaidi, bintiye marehemu, akaja macho yamevimba.

"Kaka, Hamisi nimempigia hapatikani. Nitume mtu amfuate?"

"Usihangaike dada, ujumbe utakuwa umeshamfika."

Nilimwambia hivyo usoni, wallahi, na nafsi inanisuta.

Adhuhuri ikaswaliwa, wakasubiri kidogo, Hamisi hatokei, shekhe akasema maiti hacheleweshwi. Nikaiacha kompyuta inavuta moduli, nikafuata jeneza. Waliokuja walikuwa wachache mpaka aibu. Jamaa zake wa kijiji cha Fukayosi hakufika hata mmoja.

Tunarudi makaburini, mikono bado ina udongo, simu zikaanza kulia, moja, mbili, kisha zote. Mfumo ulikuwa umeamka. Kila mtu akasoma kwamba Mzee Salumu amefariki na mazishi ni leo, halafu wakanigeukia, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Simu ya shekhe ikaita. Akasikiliza, akanikabidhi.

"Mjibu wewe."

Ni Hamisi, anahema. "Shekhe, ujumbe nimeupata sasa hivi. Nipo njiani, nisubirini nimtie baba kaburini."

Nikamwambia tumeshamzika. Hakunitukana. Alikata tu.

Siku hizi mtu akifa, hata kompyuta iwe nzima namna gani, namwambia shekhe bado, kwanza apigiwe mwana wa marehemu, na nisikie kwa masikio yangu akiitika.