Jina la Mama Kwenye Jiwe

Mama mdogo Stamatia alifua mashuka ya hoteli miaka kumi na tisa. Hoteli ilipofungwa, akapata kazi ya ulinzi kwenye makumbusho ya mji wetu huko Thesalia: vyumba viwili, na ua uliojaa mawe yenye maandishi ya Kigiriki cha kale ambayo plau za wakulima zilikuwa zikiyaibua mashambani. Shule aliiachia darasa la sita.

Kila kiangazi alikuja Bi Evanthia Rousou, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Thesaloniki, kuyanakili maandishi hayo. Mwaka mmoja msaidizi wake aliugua. Bi Evanthia akamtazama mama mdogo akideki, akamwambia, "Mikono yako inajua maji. Njoo unisaidie."

Kazi yenyewe ni hivi. Unalisugua jiwe mpaka litakate, unalilazia karatasi nzito iliyolowa, kisha unaipigapiga kwa brashi ngumu mpaka iingie ndani ya kila herufi. Unaiacha ikauke. Ukiibandua, maandishi yote yamebaki kwenye karatasi, na kwa nyuma herufi zimeinuka kama mishipa ya mkono. Jiwe la kilo mia mbili unaondoka nalo kwapani.

Baba mdogo Thrasos hakukosa la kusema kwenye mkahawa. "Mke wangu kapanda cheo. Zamani alifua mashuka, sasa anafua mawe."

"Na mawe hayaniulizi chakula kiko wapi," mama mdogo akamjibu, na watu wakacheka upande wake.

Kupiga karatasi alikujua kwa siku mbili. Kusoma ndiko kulikomtesa. Siku moja alisoma jiwe la kaburi upesi upesi, akafika mwisho akifurahi.

"Hiyo herufi ya nne umeiona?" Bi Evanthia akauliza.

"Sijaiona, mwalimu, lakini lazima iwepo."

"Basi hapo hukusoma, umekisia. Kukisia si kosa. Kosa ni kumficha msomaji kwamba umekisia."

Akamfundisha kuweka nukta chini ya herufi yenye shaka na mabano pale palipovunjika. Akamfundisha kupima, kungoja jua la pembeni, na kurudi kesho yake kusoma upya kabla hajafungua daftari la jana. Hivyo kwa viangazi vitatu.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, akiwa peke yake, mama mdogo alipiga karatasi ya jiwe ambalo Bi Evanthia mwenyewe alilitangaza kitabuni miaka ishirini na moja nyuma. Kitabu kilisema: Simon ameliweka hili kwa mungu wa kike kwa ajili ya mtoto. Lakini kwenye karatasi ile N ya mwisho haikuinuka kama herufi nyingine. Ilikuwa mikwaruzo, na mmoja ulishuka mpaka ukakata mstari wa chini. Ukiitoa N, jina ni Simo. Simo ni mwanamke.

Alirudia karatasi mara tatu. Kisha akaja kwetu, supu ikampoa mbele yake, akamsimulia mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa.

"Mama wa watu kakufundisha bure," mama akasema, "na wewe unataka kumwambia kakosea?"

"Kwa sababu kanifundisha, dada. Nikinyamaza, nitakuwa nimejifunza nini?"

Juni Bi Evanthia alifika. Mama mdogo alimwandalia kahawa, akaweka karatasi mezani. "Mwalimu, mimi sisemi kitu. Itazame herufi ya mwisho ya jina."

Akaitazama. Akatoka uani, akangoja mpaka jua la alasiri lilipolala juu ya jiwe, akapitisha kidole mara nyingi. Mwishowe akaomba kiti.

"Nililisoma kwenye picha," akasema, "nina haraka ya kumaliza kitabu. Nilimtarajia mwanamume, nikamwona. Miaka yote hii nimemnyima mama huyu jina lake." Akamshika mkono. "Sasa sahihisho utaandika wewe. Mimi nitakunyooshea sentensi tu."

Mama mdogo alilia mpaka akashindwa kufunga mlango wa makumbusho, nilimfungia mimi.

Sahihisho lilichapishwa kwa kurasa mbili, majina mawili chini ya kichwa, la Stamatia likitangulia. Walimwita Thesaloniki akazisome mbele ya wasomi. Alivaa viatu vya mama yangu. Profesa mmoja mzee akamuuliza amejuaje kwamba ule mkwaruzo si mkato wa patasi.

"Patasi inajua inakokwenda, bwana. Plau inapita tu."

Ukumbi ukacheka, ila yule mzee hakucheka. Alikuwa anaandika.

Mama mdogo alistaafu akiwa ameacha karatasi mia sita na zaidi kwenye makabati. Tangu mwaka ule, kila siku ya jina la Evanthia, sikukuu ya mtakatifu wake, humpelekea mwalimu wake chupa ya jamu ya matunda. Chupa hurudi imeoshwa, na ndani mna nakala ya maandishi mapya yaliyomshinda Bi Evanthia, pamoja na neno moja: "Unaonaje?" Mama mdogo huvaa miwani, akaenda na nakala dirishani, na siku hiyo mtu yeyote asimsemeshe.