UZI: Maboksi ya kushika X-ray za nyota tuliyotengeneza Nyeri, na yaliyompata Salim

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni mzee, shule niliacha mapema, so makosa mtanivumilia. Lakini haya niliyaona na macho yangu.

Kwanza kuna ng'ombe.

Nikiwa mdogo huko Kiganjo mama alikuwa na ng'ombe moja nyekundu, jeuri sana. Siku moja nikiikamua ikanipiga teke, meno mbili chini. Tangu hapo mimi na maziwa ni kwa kikombe tu.

Baba akacheka: "Huyu hata ng'ombe imemkataa. Aende atafute mshahara."

Ndio nikajipata Nyeri town, miaka ya sabini, wakati kahawa ilikuwa na maana. (Kahawa tuiache, nitalia bure.)

Mzungu mmoja akaniandika. Tulimwita Daktari. Alikuwa amekodi stoo karibu na msikiti.

Kazi yenyewe sasa. Ati kuna nyota zinatoa X-ray, ile ile ya hospitali ya kuangalia mfupa. Lakini hewa inaizuia, haifiki huku chini. So unaunda boksi ya aluminiamu, ndani unavuta waya nyembamba kushinda nywele, unajaza gesi, unafunga. X-ray ikigonga gesi, waya inasikia. Maboksi mengi yanapangwa pamoja kama trei ya mayai, yanapelekwa juu na roketi.

Nilicheka pia, msijali.

Mimi nilikuwa nakata fremu. Kuvuta waya ilikuwa ya watu wawili. Salim, Mwislamu wa hapo mjini, fundi wa saa, mtu mzima, mpole. Na Wambui, mama wa watoto wanne, alikuwa anatoka kwetu Kiganjo na baiskeli. Glavu hawakuvaa. Ukivaa huisikii waya, inakatika. Walikuwa wanapangusa vidole na spirit.

Basi maboksi yakaanza kufeli. Ukiweka stima, waya inatoa cheche. Daktari akasema ikiendelea hivyo anafunga, anaenda kutengenezea kwao.

Halafu akaona Salim, kila adhuhuri, anatawadha kwa mfereji, anaenda kuswali.

"Salim, wewe naleta maji kwa waya yangu. Hapana toka tena."

"Bwana, mikono naikausha. Na spirit napaka mbele yako."

"Hapana toka."

Salim akakaa. Adhana inalia hapo karibu, yeye ameinama tu kwa waya. Hakuna mtu alikuwa anamwangalia mwenzake. Siku nyingi hivyo.

Na maboksi bado yanafeli!

Siku moja Wambui akaona vumbi imeganda kwa waya aliyovuta yeye. Akanusa vidole vyake. Akasimama.

"Daktari, ni mimi. Ni mafuta ya kukamulia. Salim hana makosa."

Wakuu, mnaijua hiyo jelly ya matiti ya ng'ombe. Kila asubuhi akishakamua alikuwa anajipaka mpaka kwa kiwiko, maana baridi ya mlima inapasua mikono. Na akafikiria kidole laini hakitakwaruza waya. Kumbe spirit haikuwa inaimaliza, inabaki kwa waya, inashika vumbi, na vumbi ndio inaleta cheche.

Alikuwa analia, akijua amefutwa. Daktari hakumfuta. Alimletea sabuni na maji moto, na boksi iliyofuata ikakubali stima bila cheche.

Hapo Daktari akamwendea Salim mbele yetu sote. Uso mwekundu kama nyanya.

"Salim, samahani. Kosa yangu. Kila siku wewe kwenda kuswali."

"Nimekusamehe, bwana."

Niwaambie nilichojifunza sasa, maana mwisho ni fupi. Daktari hakuwa mtu mbaya. Lakini kumwomba mtu msamaha si kumrudisha pale alipokuwa. Nyinyi mngekuwa Salim mngebaki? Semeni hapo chini, hata wa kunitukana karibu.

Salim alimaliza waya aliyokuwa ameshika, akaifunga vizuri. Adhana ikaanza. Akavaa kofia.

"Kijana, funika hiyo boksi, vumbi itaingia."

Akaenda kuswali. Hakurudi.