Nilisema Tupo Himo

Leo nimemsimamisha mama wa watu kwenye manyunyu kwa uongo wa simu.

Tumetoka Dar alfajiri. Mchana tuko Same, tunakula mbuzi wa kuchoma, rafiki yangu Aloisi, tunayekwenda kwao Kilema, anapiga: "Mmefika wapi?"

Nikajibu kama Mtanzania yeyote: "Tupo Himo, tunapandisha."

Himo ni jirani yao. Same ni safari nyingine kabisa.

Mama yake akasikia, akatoka kutupokea barabarani.

Tulipofika alikuwa bado amesimama, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Poleni wanangu, gari liliharibika?"

Aloisi akaangalia pembeni. Yeye ameshaelewa.

Nikachuma jani la isale kwenye uzio, nikampa mama kwa mikono miwili. Huku Uchaggani ukiomba radhi kwa jani hilo, hukataliwi.

"Mama, tulikuwa Same."

Akaligeuzageuza. "Unaniomba msamaha kwa jani langu mwenyewe?" Akacheka, akakohoa. "Yameisha. Njoo ule."

Sufuria nzima ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Na mimi mbuzi amenifika shingoni.

"Mbona huli, mwanangu?"

Nikautazama ule uzio.

Nikachukua kijiko.

Nyie mngechuma jani la pili?