Boriti za Chumba cha Nyuma

Mume wangu alipofariki niliachwa na kiinua mgongo chake, na hofu ya kukitumia vibaya. Nilipanga chumba Chumbageni miaka miwili, ndipo nikasikia nyumba ya mawe inauzwa Ngamiani kwa bei nafuu. Nikamchukua fundi wa Tongoni, mtu mzima asiyependa maneno mengi, anikadirie gharama za matengenezo kabla sijatoa hata shilingi.

Mwenye nyumba, bibi aliyeishi peke yake, alitufungulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Piteni, mwanangu."

Fundi alianza ukumbini, akigonga kuta na kuandika: chokaa, mabati, nyaya za umeme. Kila nilipochungulia daftari lake nilijumlisha upya, na jumla ilikuwa bado ndani ya uwezo wangu. Kwenye chumba cha nyuma akapanda kwenye stuli, akachomeka bisibisi kwenye boriti. Ikazama mpaka mpini. Akajaribu ya pili, na ya tatu. Vumbi la mchwa likanimwagikia usoni. Boriti zile ndizo zilizobeba dari yote ya mawe, na chini yake palikuwa na kitanda kimetandikwa vizuri.

"Bibi, nani analala hapa?" nikauliza.

"Mimi. Tangu nilipoolewa."

Fundi alishuka taratibu, akanivuta mlangoni. "Dada, hapa sina cha kukadiria. Hii ni ya kubomoa. Na usisimame pale tena."

Fedha zikanitoka akilini. Niliutazama mto wa bibi. Nikamsihi ahamie ukumbini. Akaninunia.

"Unataka kushusha bei, sema."

"Leo sinunui, bibi. Lakini siondoki mpaka kitanda kitoke humu."

Alipoona sifanyi mzaha, akatupisha. Tulikivuta mimi na fundi, kidogo kidogo, changarawe zikidondoka mgongoni mwangu. Sijawahi kuogopa vile.

Masika ilipoanza, bibi akanipigia simu asubuhi. Alikuwa uani akichemsha chai dari ilipoporomoka yote.

"Njoo uione," akasema, kisha akalia.

Baadaye niliinunua nyumba ile kwa bei ya kiwanja. Fundi aliubomoa upande wa nyuma, akaezeka upya wa mbele, nami na bibi tunaishi huko, kila mtu na chumba chake. Kuta ni imara, fundi ameniapia. Hata hivyo mvua kubwa ikianza kunyesha, mimi hutoka nikasimama barazani mpaka ikatike, na bibi huniita ndani, nami siingii.