Siku Niliyojitia Mkalimani wa Mwanangu

Hii aibu jamani huwa siisimulii, na hata leo naisimulia nimeangalia pembeni, maana kila nikiikumbuka ile siku ya wazazi masikio yanapata moto.

Mwanangu Haika hasikii tangu akiwa mdogo, ni homa ilimharibu, na anasoma bweni kwenye shule ya serikali ya viziwi huku Moshi. Sasa siku hiyo nimekaa na mama mmoja wa kutoka mji wa Mkuu, mtoto wake ndiyo kwanza ameanza, analia kwamba hajui ataongea naye vipi, na mimi badala ya kumpa pole nikamwambia, "Utazoea, mimi na wangu tunapiga stori mpaka tunachoka." (Uongo mtupu. Alama nilizozijua ni kula, maji, lala, njoo na baadaye.)

Ikafika zamu ya Haika kusema kwa niaba ya wanafunzi mbele ya mgeni rasmi, na mwalimu anayetafsiri, Madam Temu, alikuwa ametoka kumpeleka mtoto mgonjwa zahanati. Mshereheshaji akauliza kama kuna mzazi wa kusaidia. Kabla sijainamisha kichwa yule mama wa Mkuu akaninyooshea kidole, "Si huyu hapa! Ni mwanawe kabisa!" Watu wakapiga makofi, nami nikashindwa kusema sijui, nikainuka.

Haika aliponiona nashika kipaza sauti alishangaa, halafu akafurahi (hiyo furaha ndiyo inayoniua mpaka leo), akaanza. Mikono inaenda mbio, mimi sishiki kitu, nikasema, "Anaishukuru serikali kwa mabweni." Makofi. Akaendelea, uso umebadilika, nikasema wanaomba maji. Makofi. Machozi yakaanza kumtoka, nami kwa vile nilishazama nikasema anawapenda sana wazazi wake, likizo anaiona fupi. Ukumbi mzima ukashangilia, na Haika akasimamisha mikono hewani, akawatazama watu, akanitazama mimi.

Madam Temu alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni. Akaja taratibu. "Mama, samahani, hasemi hivyo." Akamwomba Haika arudie, akatafsiri:

"Shule hii ndiyo mahali pekee ninapoongea na watu. Nyumbani wanacheka mezani, nikimuuliza mama wanacheka nini ananiambia baadaye, na hiyo baadaye haijawahi kufika. Naomba wazazi nao wafundishwe. Likizo inaniogopesha."

Mgeni rasmi, ambaye hakusikia nilivyotajwa, akafuta macho, akauliza, "Mzazi wa binti huyu amefika leo?"

Na mimi nipo hapo mbele, kipaza sauti mkononi.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka Haika alinifuata nyuma ya jiko, akaniambia kitu polepole kama unavyomfundisha mtoto, akarudia, akarudia tena, na sikujua kama ananisamehe au ananifukuza. Ningemwita Madam, lakini kwa uso gani? Nikaitikia kwa kichwa tu. Akashusha mikono, akaenda kwa wenzake.

Siku hizi Jumamosi nafunga meza yangu ya mitumba sokoni Kiboriloni, naenda pale shuleni kujifunza alama, na nimeapa nisipoelewa nitasema sijaelewa, hata mbele ya rais. Vidole vizito lakini vinaanza kukubali. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa mikono, vizuri kabisa, habari za shule. Akaniangalia kidogo, akajibu nzuri, akaendelea kuosha vyombo.

Hajaniambia kitu kirefu tangu siku ile.