Mkanda wa Mkoba wa Baba

Basi lilimtema msafiri kwenye mtaa asioujua, ndevu zake zimejaa vumbi la njia, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mzee mwembamba aliyekumbatia kitu kirefu kilichoviringwa kwenye gazeti. Akamwuliza kinyozi yuko wapi.

"Umeuliza penyewe," mzee alisema. "Nifuate. Ila ukitoka huko na mashavu ya mtoto mchanga, usimshukuru kinyozi. Nishukuru mimi."

Mtaani walimwita Mkanda, kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza mikanda ya kunolea nyembe, zile ndefu za kukunja zenye mpini. Jiwe hutoa makali, alimweleza msafiri huku wakikwepa madimbwi, lakini ni mkanda unaoyatuliza, wembe usije ukachuna shingo ya mtu. Ngozi aliiokota popote: mishipi iliyokatika, vifuniko vya mabegi, hata kiti cha baiskeli kuukuu. Aliiloweka, akaikwangua kwa kipande cha chupa, akaikanda kwa mafuta ya ng'ombe na masizi ya taa. Mwisho aliisugua kwa kiganja kitupu hadi ikapata joto, maana kitambaa, alisema, hakina huruma.

"Mkono huu hauna tena alama za vidole. Nikiiba hawanipati."

"Na hicho ulichobeba?" msafiri aliuliza.

Huo ulikuwa mkanda mpya wa kinyozi, Mkanda alisema. Ngozi yake ilitoka kwenye mkoba wa marehemu baba yake, tarishi aliyeuvaa begani mpaka bega likainama. Miaka yote mkoba ulining'inia juu ya kitanda cha Mkanda, na siku za mvua ulirudisha harufu ya baba. Hakuwahi kuwaza kuukata, hadi dada yake, mke wa huyo kinyozi, alipokuja akilia. Mkanda wa zamani umekufa, kaka. Shemeji yako anawachuna watu, wateja wanakimbia, na ngozi ya maana imebaki hiyo tu. Mkanda akashika kisu. Alipofumua mshono wa kwanza ilibidi atoke nje avute pumzi.

Kinyozi aliwapokea kwa mikono miwili.

"Shemeji, fundi wa mafundi. Bila wewe si ningekuwa nachinja?"

"Hata sasa unachinja, ila polepole."

Wakacheka, kama kawaida yao. Mkanda akaufungua mzigo wake, akautundika mwenyewe kwenye ndoano kando ya kioo. Msafiri akaketi kwenye kiti cha chuma, akapakwa povu hadi masikioni.

Kinyozi akakunjua wembe, akaanza kuupitisha kwenye ngozi kwa madaha, paa, paa, macho yake yakiwa kwa mteja kwenye kioo. Mkanda aliinamisha kichwa kusikiliza, kama mzazi anayesikiliza mwanawe akisoma mbele za watu. Kisha akashtuka. Wembe ulikuwa unatanguliza makali. Kwenye mkanda wembe huburutwa mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali, ngozi inachanika. Akaruka kumshika mkono, akijua amechelewa.

Akaitazama ngozi. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Akamnyang'anya wembe, akaupitisha kwenye kidole gumba. Ulikuwa butu kama kijiko. Kwenye rafu, chini ya taulo, kulikuwa na mwingine wenye mpini kama huo, ila mdomoni umebanwa kiwembe chembamba cha dukani, cha kutumia na kutupa. Bado ulikuwa na unywele wa mteja aliyetangulia.

"Tangu lini?"

"Shemeji, mtu yuko kitini."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipohamia hapa," kinyozi alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu ananyolea hivi siku hizi. Lakini ule mlio wateja wanaupenda, wanahisi wamenyolewa kama enzi za babu zao. Sasa ule mkanda wa kwanza ulichakaa. Haukupendeza tena pale kwenye kioo."

"Ule uliusifu kila nilipokuja. Ulinishika mkono."

"Nilikuwa nakutia moyo."

Dada aliingia na ndoo ya maji, akaona wembe mkononi mwa kaka yake, akaitua ndoo chini.

"Ulijua?"

"Kaka, bila hiyo kazi ungeshinda unafanya nini? Tulikuonea huruma."

"Sikuulizi habari za huruma. Siku ile uliyolilia mkoba wa baba, ulijua?"

Dada akachukua taulo lililokwisha kukunjwa, akalikunja tena.

Walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, na yeye kila alipopita kwenye kile kioo alikiweka sawa kichwani. Mkanda aliulaza wembe kwenye rafu, akautungua mkanda, akauviringa.

"Sasa mimi nitatundika nini?" kinyozi aliuliza, na ilionekana kweli hajui.

"Tundika ulimi wako. Huo hauhitaji mafuta."

"Kaka, ngoja tuongee."

Alikuwa ameshafika kizingitini. Akausogeza mkanda puani, akavuta pumzi kwa muda mrefu. Mafuta ya ng'ombe na masizi, basi. Kazi yake alikuwa ameifanya vizuri.

"Mgeni, wewe kaa," alisema bila kugeuka. "Mashavu yako hayana ugomvi na mtu hapa."

Akashuka ngazi, akaufuata mtaa kati ya madimbwi. Msafiri akabaki kitini, povu likimkaukia usoni, na nyuma yake hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuugusa wembe.