Nukta Niliyoifuta

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyofuta nukta moja nikajiona mjuzi wa hisabati.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo, nimerudi Mafia na majivuno yangu. Nikapewa kazi ya kuchora sura ya chini ya bahari kati ya visiwa vya Chole na Juani, ili boti inayovusha wajawazito kwenda hospitali ijue pa kupita maji yakipwa. Bi Mwanaisha, mkulima wa mwani wa Juani, ndiye aliyenipimia. Alitupa bildi, ile kamba yenye risasi mwishoni, akataja kina, nami nikaandika, kila kipimo nukta yake.

Nukta zenyewe zilitapakaa ovyo, na kati yake hatukupima. Hapo ndipo hisabati inapoingia. Chukulia vijiti vya urefu tofauti, kila nukta kijiti chake, ncha zake umezifunga kwenye bati jembamba: bati litapinda taratibu na kukujazia mapengo. Ukilibana liguse kila ncha, linafanya makunyanzi. Ukililegeza likae raha mustarehe, linakuwa laini ila halisemi kweli yote. Mimi, ujana bwana, nilipenda laini.

Basi nukta moja ikanikera. Pande zote kina pima tatu, kama mita tano na nusu, pale Bi Mwanaisha alitaja nusu pima. Kwenye kompyuta uso wa mchoro ukainuka nundu. Nikasema bibi kakosea, nikaifuta.

Nilipompelekea mchoro, baada ya shikamoo na marahaba, aliutazama kitambo.

"Mwamba wangu umeupeleka wapi?"

"Fomula haikuukubali, Bi Mwanaisha."

"Hiyo fomula yako imewahi kulowa?"

Mwenyewe hakucheka. Mkaza mwanawe, Rehema, alikuwa na mimba ya miezi minane, na boti ile ndiyo angepanda.

Kesho yake maji yalipokupwa akanipakia mtumbwini mpaka pale penye nukta niliyoifuta, akaniamuru nishuke. Nikasita, nikashuka. Maji yakanifika mapajani.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Kwa karatasi yako, hapo umeshazama."

Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli. Nikairudisha nukta. Mchoro ukaharibika urembo, boti ikauzunguka mwamba, na Rehema akajifungua salama mtoto wa kike. Binti huyo sasa ni mama mtu mzima, nami nikikutana naye sokoni Kilindoni moyo wangu hufurahi, ingawa hajui kwa nini namshika mkono kwa muda mrefu hivyo.

Basi sikiliza. Ulaini ni mzuri, na nukta nyingine hukosewa kweli, sikatai. Lakini nukta ikikataa kulala na wenzake, usiifute kabla hujamuuliza aliyeipima, na ikibidi uende mwenyewe. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Mola akujaalie jicho la kupenda uzuri, na zaidi ya hilo akupe unyenyekevu wa kuuliza. Na yeyote atakayesafiri kwa kuuamini mchoro wako, afike. Amin.